Kwa nini programu inadai pkg-config kabla ya kujengwa

Wanafunzi wa kampasi ya Kasapa, hapa Lubumbashi, huniuliza: "Fundi, nataka programu moja tu. Mbona inanidai Autoconf, Automake na pkg-config, vitu ambavyo sitavitumia?" Mega za intaneti ni ghali, kwa hiyo swali lina uzito.

Msimbo wa C haujui utajengwa, yaani utageuzwa kuwa programu, kwenye mashine gani. Moja ina OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche ambayo programu nyingi huitegemea) ndani ya /usr/lib, nyingine imeiweka /usr/local, ya tatu haina kabisa. Zamani ulifungua Makefile, faili la maagizo ya kujenga (leo Automake husaidia kuiandaa), na kuirekebisha kwa mkono. Mwaka 1991 David MacKenzie alianzisha Autoconf ili skripti iitwayo configure ifanye uchunguzi huo: inaandika vijiprogramu, inajaribu kuvikompaili, na kwa kinachokubali au kukataa inajua mashine ina nini. Nayo pkg-config husoma faili za .pc na kueleza maktaba iko wapi, toleo lake ni lipi, kompaila ipewe vigezo gani.

Ila mzigo haulingani kwa wote. Furushi rasmi la toleo huja na configure iliyokwisha kutengenezwa. Autoconf hutaihitaji, ingawa pkg-config mara nyingi utaihitaji. Ukichukua msimbo kutoka Git, hazina ambamo waandishi huutunza, kwa kawaida unakuta configure.ac tu, na kuigeuza kuwa configure kwa Autoconf ni kazi yako. Hapo ndipo wengi wanakwama: configure inasimama kwa kosa la sintaksia penye PKG_CHECK_MODULES, nao wanahangaika na msimbo wa C. Kumbe makro za pkg-config (majina mafupi ambayo Autoconf huyapanua kuwa msimbo wa configure) hazikupatikana wakati wa kuitengeneza configure, na jina PKG_CHECK_MODULES likabaki lilivyo. Sakinisha pkg-config, kisha endesha autoreconf -fi.

Debian, mfumo mmojawapo wa Linux, huitengeneza configure upya hata kwa mafurushi rasmi, maana zile za zamani hazitambui vichakataji vipya. Lakini hilo si kinga ya kila kitu. Machi 2024 Andres Freund alifichua mlango wa siri katika xz, zana ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1: faili ya makro build-to-host.m4 yenye hila ilikuwa ndani ya mafurushi, haikuwamo kwenye Git. Kutengeneza configure upya hakukusaidia kitu, kwa sababu hila ilikaa kwenye makro zenyewe.

Kwa hiyo anayejenga kwa matumizi yake na mega chache, namshauri furushi rasmi. Anayewajengea wengine aanzie Git, agharimie zana zote, na alinganishe faili za m4 na zile za furushi.