Majani Mekundu, Lami ya Baridi

Ikifika Oktoba, kila mteja anayeniletea pikipiki hapa Manchester, New Hampshire, Marekani, ananiuliza: "Fundi, majani yameiva?" Anataka kujua kama milima imeshabadilika rangi. Mimi huinama kuangalia tairi lake la nyuma kwanza, ndipo nimjibu.

Vitabuni majira haya tunayaita vuli, ila sisi tuliokulia Tanga tukisikia vuli tunatafuta mwavuli. Huku miti inajifunga kusubiri theluji. Siku zikifupika, jani linaacha kutengeneza klorofili, ukijani unavunjika, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake tangu mwanzo inajitokeza. Wekundu ni habari nyingine: huo jani hulitengeneza wakati huohuo, hasa jani la mepo, ule mti wa kwenye bendera ya Kanada. Unakolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha. Sasa baridi hiyohiyo ya usiku ndiyo inayolowesha lami kwenye zile kona ambazo jua halizifikii mpaka saa nne au saa tano asubuhi. Mwaka wenye rangi nzuri ni mwaka wa kuteleza.

Barabara yangu ni Kancamagus, kipande cha barabara namba 112 kati ya Conway na Lincoln, kama kilomita 55 za msitu mtupu. Jina ni la chifu wa Wapennacook, wenyeji wa asili wa huku, wa karne ya 17. Njia nzima haina sheli hata moja, kwa hiyo jaza tangi kabla. Wengi wanaotoka Manchester hupanda barabara kuu ya I-93 mpaka Lincoln, wakakata kuelekea mashariki, na asubuhi hiyo ina maana ya kula jua usoni. Mimi hujizungusha nikaanzia Conway, jua likawa mgongoni na miti ya mbele ikawaka yote. Ila hapo anayepofushwa ni dereva anayekuja upande wa pili, na ndiye huyohuyo atakayekata kushoto mbele yako kuwahi maegesho apige picha. Huku tunapita kulia, kumbuka. Koti la rangi ya chungwa halikusaidii, maana msitu mzima umevaa sare hiyo. Navaa reflekta ya kijani cha limau, watoto wangu wanacheka.

Kutoka Conway unapanda zaidi ya mita 700 mpaka kileleni, mita 870 juu ya usawa wa bahari, na joto linapungua nyuzi nne hivi. Halafu kuna upepo. Nyuzi 10 ukiwa umesimama ni baridi ya kawaida; ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzi nne. Vidole vikishikwa na ganzi, breki unaikamata kwa pupa. Bodaboda wa Makete wanaovaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, hawahitaji somo hili.

Tairi nalo linaumwa na baridi. Upepo wake unapungua takriban PSI moja (kile kipimo cha geji ya upepo) kwa kila nyuzi tano au sita, kwa hiyo upime nje asubuhi, si ndani ya gereji yenye hita. Mpira wa miaka saba unaweza kuwa na kashata nzima, yale meno ya kushika barabara, na bado ukawa mgumu kama kwato. Uangalie tarehe ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka.

Kwenye kona fuata michirizi ya matairi ya magari, pale ndipo majani yamefagiliwa. Katikati ya njia na pembezoni yanalala matabaka, la juu kavu linapendeza, la chini limeshakuwa uji. Ukishindwa kuyakwepa, punguza mwendo kabla, inua pikipiki isimame wima, acha mkono wa mafuta utulie, usiguse breki mpaka upite. Wanaoujua mteremko wa Kitonga, Iringa, hawatashangaa nikisema gia ndogo tangu juu. Kushuka kuelekea Lincoln kuna kona moja iliyojikunja kama kiwiko, na kila mtu anaifikia akiwa ameangalia bondeni.

Mimi, pamoja na maneno yote haya, nilianguka nikiwa nimesimama. Ilikuwa sehemu ya kutazamia mandhari: nimezima injini, nimeshusha mguu wa kushoto, macho yako kwenye mlima. Buti likatua juu ya majani yaliyolowa, likaondoka taratibu kama nimekanyaga ganda la embe, na kilo zaidi ya 200 zikanifuata. Mzee mmoja na mkewe walinisaidia kuinyanyua. Mkono wa klachi ulikatika katikati. Kisiki kilichobaki kilitosha vidole viwili, nikarudi nacho mpaka nyumbani.

Nilikuwa nimepanga kuondoka kule saa kumi na nusu, nikaondoka karibu saa kumi na mbili, jua linazama. Huo ndio muda wa moose, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi. Oktoba bado wako kwenye kupandana, wanavuka barabara bila kuangalia popote, na weusi wao hauonekani gizani. Nilikwenda kilomita 50 kwa saa, foleni ya magari nyuma yangu, na sikumpisha mtu mpaka nilipofika mahali penye nafasi ya kusimama kwenye lami kavu.