Jaribio la upofu: kusikiliza bila kuona bei

Kaka yangu anakodisha vyombo vya muziki kwa harusi mjini Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana duka moja lilimuuzia waya wa spika uliolazwa ndani ya boksi kama saa ya mkononi, ncha zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Mita tano, shilingi laki sita. Aliambiwa waya ule "unafungua besi". Akaufunga nyumbani, akapiga wimbo tunaoujua, akaniita: "Njoo usikie, sauti imesafishwa." Nikaja, nikasikia. Kweli nilisikia. Tulikuwa tumekaa wote wawili tukiutazama ule waya.

Kaka hakunidanganya, wala mimi sikujisingizia. Ubongo hauletewi sauti na masikio peke yake: bei, uzito wa kifaa, maneno ya muuzaji na hamu ya kuona pesa haikupotea, vyote huingia humo humo, na mtu hawezi kuvitenga kwa kukaza nia. Wahenga walisema macho hayana pazia. Jaribio la upofu ni njia ya kuyawekea pazia.

Maana yake ni hii: anayesikiliza hajui ni kifaa kipi kinacholia wakati huo. Likiitwa la upofu maradufu, hata msimamizi aliye naye chumbani hajui, kwa sababu anayejua huvujisha siri bila kukusudia, kwa kusita kidogo au kwa tabasamu. Katika mambo ya sauti umbo linalojulikana zaidi ni ABX. Unasikia A, unasikia B, kisha unasikia X, ambayo ni mojawapo ya hizo mbili, nawe utaje ni ipi. Mbinu ya namna hii ilielezwa na watafiti wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, Marekani, mwaka 1950. Mwaka 1982 David Clark akaeleza kifaa cha kubadilishia vyombo bila msikilizaji wala msimamizi kujua kilichochaguliwa.

Sisi hatukuwa na kifaa hicho. Tulikuwa na shuka na sarafu ya shilingi 500. Binti wa kaka, wa darasa la sita, alikaa nyuma ya shuka pamoja na amplifaya. Anarusha sarafu: korongo akitazama juu, anafunga waya mpya, nembo ya taifa ikitazama juu, anafunga waya wa zamani. Anaandika daftarini, halafu anasema "tayari" na si zaidi. Kila mzunguko alichomoa waya na kuuchomeka upya hata pale sarafu ilipotaka ule ule ubaki, ili mlio wa kuchomoa usitoboe siri. Kwa kuwa yeye mwenyewe alijua, jaribio letu lilikuwa la upofu wa upande mmoja tu.

Mizunguko 16. Kaka alipatia 9, mimi 7. Anayekisia tu hutarajiwa kupatia 8. Kupatia 12 au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara 4 katika 100, kwa hiyo wengi huichukua 12 kuwa ndiyo alama ya kuanza kuamini.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kutolinganisha nguvu ya sauti. Chombo kinacholia juu kidogo tu huonekana kizuri zaidi, na msikilizaji hatasema "kimelia juu", atasema "kiko wazi". Ukilinganisha amplifaya mbili, weka mita ya kupimia volti pale waya unapofungwa kwenye spika, piga toni (mlio mmoja usiobadilika) ya hezi 1,000, urekebishe sauti mpaka volti zitofautiane kwa asilimia moja tu au chini ya hapo, yaani karibu desibeli 0.1 kwa kipimo cha nguvu ya sauti.

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio lao Marekani: watu walilinganisha rekodi za ubora wa juu na zile zile zilizopitishwa katika kiwango cha CD ya kawaida. Majibu yalikuwa 554, sahihi 276, yaani karibu nusu, kama ya anayekisia tu. Mwaka huo huo James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kuyapima madai ya ajabu, alisema zawadi yake ya dola milioni moja iko wazi kwa atakayetofautisha kwa masikio waya za spika za dola 7,250 na waya wa kawaida. Jaribio halikufanyika, na zawadi hiyo haikuchukuliwa na mtu.

Kushindwa kwa kaka na mimi hakuthibitishi kwamba hakuna sikio duniani linaloweza. Kunaonyesha tu kuwa aliyedai laki sita hana ushahidi kwetu. Wala jaribio hili si adui wa vyombo vizuri: spika mbili za aina tofauti hutambulika upesi hata nyuma ya shuka.

Na waya una umuhimu wake, ila kwa unene na urefu. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, mita tano, una ukinzani (kiasi unachouzuia umeme) wa ohm 0.07 kwenda na kurudi. Kwa spika ya ohm 8 hiyo haifiki asilimia moja. Lakini ule mwembamba wa milimita mraba 0.5, ukivutwa mita 30 hadi mwisho wa hema, unafika ohm 2, na moja ya tano ya volti inapotelea njiani. Huo ndio waya aliokuwa akiutumia kaka harusini. Sasa amenunua mnene wa duka la vifaa vya umeme badala yake, na amekwisha kuazima mita kwa fundi jirani: Jumamosi tunazipima amplifaya zake mbili.