Michango ya kukarabati makumbusho: tunayoyaamini na yalivyo

Tangu tuanze kukusanya michango ya kukarabati kumbi za makumbusho moja ya historia huku Kanda ya Ziwa, nimesikia maneno yaleyale mkoani Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Kisesa. Wanaoyasema si wachoyo, ila wameelezwa vibaya, au hawajaelezwa kabisa.

"Makumbusho ni ya serikali, itatengeneza yenyewe."

Mengine ni ya serikali kweli. Yale ya Mwalimu Nyerere kule Butiama yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Lakini ya Wasukuma pale Bujora yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Canada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe, na yako chini ya Kanisa Katoliki. Uliza kwanza mwenye nyumba ni nani.

"Viingilio vinatosha."

Havitoshi. Vikisaidia sana vitalipa mlinzi na umeme. Paa jipya halitoki kwenye tiketi za wanafunzi.

"Ukarabati ni rangi na vioo vipya."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mchangiaji anataka akiingia aone kuta zinang'aa, na fundi wa rangi ndiye wa kwanza kuitwa. Wakati huo bati linavuja, na masika ikifika, unyevu hewani unapanda. Ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku nyingi, ukungu huanza kuota kwenye ngozi za ngoma na kwenye vikapu.

Kisha kuna jua. Nguo, karatasi na ngozi zilizotiwa rangi hushauriwa kuwekwa kwenye mwanga usiozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Jua la adhuhuri hufika luksi 100,000. Vazi lililopaukia dirishani halirudi lilivyokuwa hata ukilifungia gizani miaka 20, kwa sababu madhara ya mwanga hujumlishana. Pazia zito na filamu ya kuzuia miale kwenye kioo huokoa vitu vingi kuliko ukuta mpya, ila hakuna anayepiga picha mbele ya pazia.

Hata rangi yenyewe ina mambo yake. Ya mafuta huendelea kutoa mvuke wiki kadhaa baada ya kupakwa, na mvuke huo hudhuru vilivyomo kabatini. Kwa hiyo tafadhali, kabla ya kutuletea makopo, tuulize ni ya aina gani inayofaa.

"Sina pesa, kwa hiyo sina cha kutoa."

Mwanza ni mji wa samaki, na friza hazikosekani. Kikapu au kitambaa kilichoingiliwa na wadudu hufungwa vizuri kwenye nailoni, kikawekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi, na wadudu wakafa bila dawa. Friza iwe safi, isiyonuka samaki, na kazi isimamiwe na mtaalamu, maana ngoma iliyowambwa ngozi haifai humo, inaweza kupasuka. Friza moja ya kuazima ni mchango mkubwa.

"Hayo ni ya wafadhili wa nje."

Sisi tunaojua kuendesha kamati ya harusi? Tuna kadi, ahadi, mweka hazina na anayepiga simu kila jioni kukumbusha. Harusi ya siku moja tunaichangia kwa miezi mitatu. Utaratibu uleule unafaa hapa, kwa tahadhari mbili. Ahadi si pesa, kwa hiyo fundi asisainishwe mkataba kwa daftari la ahadi. Na aliyetoa kwa ajili ya paa, fedha yake iende kwenye paa. Akaunti iwe ya mradi, si ya mtu, na hata elfu mbili ipewe risiti. Niliwahi kuchangia sehemu ambako matumizi hayakusomwa hata mara moja. Sikurudi tena, na simlaumu yeyote anayeshikilia mfuko wake kwa sababu kama hiyo.

Wanaoweza kutoa vikubwa wafuatwe mapema, kimyakimya, kabla ya matangazo. Watu huchangia kwa moyo kitu wanachoona kimeshaanza kusimama.

"Nikileta kigoda cha babu, nitakichukua nikikihitaji."

Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na vitu vingi vya watemi vimebaki majumbani, chini ya vitanda na darini. Familia zingine ziko tayari kuvileta, na nawashukuru kutoka moyoni. Lakini zawadi na azima ni vitu viwili. Ukitoa zawadi, kigoda kimekuwa cha makumbusho. Ukiazimisha, sema ni azima, muda uandikwe, hali ya kigoda siku hiyo iandikwe pamoja na picha yake, na nakala moja ibaki nyumbani kwenu. Kaeni kwanza kama ukoo, mkiwa wote, shangazi nao wakiwepo, ndipo mje.