Cheni Butu Haikulindi

Miongoni mwa wakata mivinje na minazi huku Malindi, imani moja imekaa miaka mingi: cheni ya msumeno wa injini ikiwa butu, haiwezi kukuumiza sana. Si kweli. Injini ikivuma kwa nguvu zote, cheni huzunguka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde au zaidi. Hata ikishindwa na mvinje, paja la mtu haliishindi.

Hatari kubwa ni kwamba ubutu hukulazimisha kuukandamiza msumeno. Mikono huchoka, mwili huinama mbele, na gogo likikatika ghafla unayumba nao. Hapo sehemu ya juu ya ncha ya bamba linalobeba cheni ikigusa tawi, msumeno huruka kuelekea usoni kabla hujapepesa jicho.

Tazama kinachotoka. Chenga kubwa ni dalili ya makali. Ukiona unga laini, zima injini, vaa glavu, unoe kwa tupa ya duara. Mnazi uliolala mchangani uinue kwanza, maana mchanga humaliza makali upesi mno. Na ndala, ambazo wengi bado huzivaa kazini, kwa kweli zinanitia hofu: vaeni buti ngumu, kofia na miwani.