Ukuta wa stara si dawa ya mashetani: dhana potofu kuhusu siheyuan ya Beijing

Karibu kila mteja anayekuja na picha ya siheyuan, ile nyumba ya jadi ya Beijing yenye majengo manne yanayozunguka ua, huanza na ombi lilelile: anataka na ule ukuta wa mbele ya mlango unaozuia mashetani, kwa kuwa mashetani wa Kichina huenda moja kwa moja na hawawezi kukata kona. Waongoza watalii huisimulia hadithi hiyo, video za mtandaoni huirudia, na kwa wengi limekuwa jambo la kwanza na la mwisho wanalolijua kuhusu nyumba hizo. Sipingi kwamba imani ya namna hiyo ipo nchini China. Ninachokipinga ni kuifanya kuwa ndiyo sababu ya ukuta huo kujengwa, kwa kuwa anayeamini hivyo haoni kazi yake halisi na, akija kujenga wake, huujenga vibaya.

Tuingie ndani tuone. Siheyuan iliyo upande wa kaskazini wa kichochoro chake huwa na lango katika pembe ya kusini-mashariki. Ukishavuka kizingiti, mbele yako uko ubavu wa jengo la mashariki, na hapo ndipo ukuta unaposimama, ama peke yake ama ukiwa umeshikamana na ubavu huo. Katika nyumba ya mwenye uwezo, matofali yake ya kijivu yamesuguliwa moja moja hadi maungio hayaonekani kwa urahisi, na katikati pamechongwa maua au neno la baraka linalomtazama mgeni. Huwezi kuendelea mbele. Unageuka kushoto, unaingia katika ua mwembamba wa mbele, kisha unageuka kulia kuelekea lango la pili, lile ambalo nguzo zake fupi zinaning'inia bila kugusa ardhi, zikiwa na ncha zilizochongwa mfano wa machipukizi. Nyuma ya lango hilo pia kuna milango ya mbao ambayo siku za kawaida hufungwa, na hufunguliwa kwa shughuli kubwa kama arusi na mazishi. Wenyeji hupita pembeni na kufuata baraza zilizoezekwa. Macho ya mpita njia yamekingwa mara mbili kabla hayajafika mahali wanapokaa wazee na watoto.

Kwamba jambo lenyewe ni macho, Wachina wa kale waliliandika wazi. Xunzi, mwanafalsafa wa karne ya 3 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba mfalme mkuu huweka ukuta huo nje ya lango na watawala walio chini yake huuweka ndani, na sababu anayoitoa ni kwamba wa nje umewekwa kwa kutotaka kuona ya nje, na wa ndani kwa kutotaka ya ndani yaonekane. Kabla yake, Confucius alimlaumu waziri Guan Zhong kwa kujijengea ukuta wa langoni kama wa mtawala wa nchi. Lawama hiyo isingekuwa na maana yoyote kama ukuta ungekuwa kinga ya mapepo ambayo kila kaya inaihitaji; ina maana kwa sababu ukuta ulikuwa alama ya cheo na adabu. Na huko Fengchu, katika mkoa wa Shaanxi, mabaki ya jengo la ua la enzi ya Zhou ya Magharibi, lenye umri wa takriban miaka 3,000, yana ukuta wa aina hiyohiyo mbele ya lango.

Mtu wa Lamu hahitaji kufafanuliwa haya. Nyumba ya mawe ya huko ina daka, yaani kibaraza cha mbele ya mlango, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia uliopindishwa ili anayesimama nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani, na hakuna anayedai kwamba tekani imewekwa kwa ajili ya majini. Ndiyo maana nawasihi wateja wauite ukuta wa stara na waupime kama stara inavyopimwa: uwe mpana kuliko uwazi wa lango, upite kimo cha macho ya mtu aliyesimama, na uachiwe nafasi ya kutosha ili wanaoingia wageuke bila kusukumana. Nimeona vikuta vyembamba vilivyosimamishwa hatua mbili kutoka mlangoni, vikizuia upepo na gari lakini vikiacha sebule nzima wazi kwa jirani.

Dhana ya pili kwa usumbufu ni kwamba kusini ni upande wa bahati, kwa hiyo jengo kuu lielekee huko popote duniani. Fengshui, elimu ya jadi ya Kichina ya kupanga majengo ili yalete heri, inafundisha hivyo, lakini ilifundishwa mahali ambapo ushauri huo una faida inayopimika. Beijing iko karibu na latitudo ya nyuzi 40 kaskazini: adhuhuri ya katikati ya majira ya baridi jua husimama nyuzi 27 tu juu ya upeo wa macho na kuingia hadi ndani ya chumba kinachoelekea kusini, ilhali katikati ya kiangazi hufika nyuzi 73, na ukingo wa paa hulizuia. Ukuta wa kaskazini nao huukinga upepo mkali wa baridi unaotoka upande wa Siberia. Ndiyo sababu jengo la kaskazini lilikuwa la wazee, la mashariki na la magharibi yakawa ya wana na familia zao, mashariki ikitangulia kwa heshima, na safu ya kusini isiyopata jua ikaachiwa wageni na watumishi. Dar es Salaam, ambako mwezi Juni jua liko kaskazini na joto ndilo tatizo, kuiga mwelekeo huo ni kuiga jibu la swali ambalo hatukuulizwa.

Dhana nyingine ninazozisikia ni nyepesi zaidi kuzijibu. Lango la katikati lilikuwa la majumba ya wana wa kifalme na mahekalu, si la mkazi wa kawaida. Vigae vya manjano vinavyong'aa vilikuwa vya mfalme. Sheria ya enzi ya Ming (1368–1644) ilimkataza raia hata kupaka rangi za mapambo na kujenga jengo linalozidi upana wa nafasi tatu kati ya nguzo, kwa hiyo mitaa ile ilikuwa ya kijivu. Kuta hazibebi paa. Fremu ya mbao ndiyo inayolibeba, na kuta nyingi zilijazwa vipande vya matofali yaliyovunjika. Komamanga lililopandwa uani ni dua ya kupata watoto wengi, kutokana na wingi wa mbegu zake, si mti wa ibada.

Mawe mawili ya langoni yenye umbo la ngoma yanastahili sentensi zaidi, kwa kuwa watu huyanunua kama mapambo na kuyabandika popote. Mlango ule hauna bawaba. Kila jiwe ni kipande kimoja kinachopita chini ya kizingiti: sehemu ya ndani ina kishimo ambamo ncha ya chini ya ubao wa mlango huzunguka, na sehemu ya nje, ile iliyochongwa ngoma, ni uzito unaolizuia jiwe lisiinuliwe na mlango mzito.

Na wale wanaosema kwamba siheyuan ni nyumba ya msongamano, yenye vibanda vilivyojaa uani, wanaelezea hali iliyokuja baadaye. Nyumba hizo zilikuwa za familia moja na vizazi vyake. Baada ya 1949 nyingi ziligawanywa kwa kaya nyingi, na baada ya tetemeko la Tangshan la Julai 1976 watu walijenga mabanda ya kujihifadhi katika nyua, mengi yakageuka kuwa majiko na vyumba vya kudumu.