Chunusi za vijana na vidonge vya zinki: wanavyosema na ukweli ulivyo

Mtoto wa dada yangu ana miaka 15. Juzi asubuhi kanywa vidonge viwili vya zinki kabla hata hajagusa chai, haikupita muda anatapika bafuni jasho linamtoka, nikachukua kopo nikaligeuza nyuma nikasoma: kila kidonge miligramu 50. Kumbe wenzake shuleni wamemwambia ndo dawa ya chunusi na ukinywa mbili mbili zinakauka haraka. Jamani, msichana wa umri ule anahitaji miligramu 9 tu kwa siku, mvulana 11, na kikomo chao ni 34 ukijumlisha na ya kwenye chakula. Yeye kapiga 100 kwa mpigo, tena tumbo tupu, lazima tumbo ligome.

Wanasema chunusi ni damu chafu, au mwili umekosa madini. Hapana. Mtoto akibalehe homoni zinaamsha tezi za mafuta, mafuta yanakuwa mengi, yanachanganyika na ngozi iliyokufa yanaziba kitundu cha kinyweleo, humo ndani bakteria wanazaliana ngozi inavimba. Ni kweli kuna tafiti zimekuta wenye chunusi wana zinki kidogo damuni kwa wastani, ila hiyo haimaanishi kila mwenye chunusi kapungukiwa.

Wanasema zinki inashinda dawa za hospitali. Hapa niseme ukweli wote, zinki sio uongo mtupu, inatuliza uvimbe na kuna watu inawasaidia. Lakini kuna utafiti wa Ufaransa uliotoka 2001, watu 332, wengine walipewa zinki miligramu 30 kwa siku na wengine antibaotiki ya minosaiklini, baada ya miezi mitatu waliofanikiwa kwa zinki ni kama asilimia 31 na kwa minosaiklini 63. Yani inasaidia, ila nusu ya dawa.

Hii ya tatu ndo inaniumiza zaidi, eti ni madini tu hayana madhara. Zinki nyingi kwa muda mrefu inazuia mwili kufyonza shaba, na shaba ikipungua unapata upungufu wa damu, chembe nyeupe zinashuka, hata mishipa ya fahamu inaweza kuguswa, na mzazi wala hatahisi kwamba shida ni kidonge cha chunusi. Na vile vya miligramu 20 wanavyopewa watoto wanaoharisha pamoja na ORS ni vya siku 10 mpaka 14, sio vya kutafuna mwaka mzima. Vidonge vya mwani navyo angalieni, vingine vimejaa madini joto, na madini joto yakizidi sana yanaweza kukutoa vipele kama chunusi zenyewe (chumvi ya jikoni haina neno, msiiache).

Halafu kama daktari kampa mtoto tetrasaiklini (antibaotiki ya chunusi), asimeze pamoja na zinki, vinashikana tumboni dawa haiingii vizuri. Amuulize aachanishe masaa mangapi.

Zinki ya chakula mbona ipo: nyama, dagaa, maharage (yaloweke kwanza, zinki yake inafyonzwa vizuri zaidi), mbegu za maboga.

Sasa kinachofanya kazi ni cha kupaka. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, au adapalini usiku, kiasi cha punje ya njegere uso mzima, sio kudonoa kipele kimoja kimoja, na mto uwe na foronya nyeupe maana benzoili inapausha nguo. Wiki za mwanzo ngozi inakauka, inachubuka kidogo, wengi ndo wanaacha hapo! Vumilia wiki 8 mpaka 12. Na zile krimu za kung'arisha uso zenye steroidi ndani tupa kabisa, wiki mbili unang'aa, baadae zinakuletea chunusi mpya.

Kama ni mabonge yanauma kwa ndani au yameanza kuacha makovu, usisubiri, mpeleke kwa daktari wa ngozi, na hilo kopo la vidonge beba mkononi alisome mwenyewe.