"Tuongeze Watu, Muda Utatosha" na Dhana Nyingine za Waandaaji wa Mashindano ya Jimu

Mwandaaji wa mashindano ya jimu akija kuomba ushauri, neno lake la kwanza ni idadi: "Mwaka huu tunataka watu 120." Uwanja haujapimwa, waamuzi hawajulikani, vyuma ni vya kuazima, lakini 120 imeshaandikwa kwenye bango.

Dhana: Watu wakiongezeka, tunaongeza muda kidogo tu.

Hii imeharibu mashindano mengi kuliko mvua. Shikeni kalamu. Mna njia 8, yaani nafasi 8 za mshindani mmoja mmoja, na watu 8 wanaoingia pamoja ni mkupuo mmoja. Kila zoezi lina ukomo wa dakika 10, na dakika 4 za kuondoa vyuma vya mkupuo uliotoka na kupanga vya unaoingia. Watu 120 ni mikupuo 15. Mara dakika 14, ni saa 3 na nusu kwa zoezi moja. Mazoezi matatu ni saa 10 na nusu, bila chakula wala hotuba ya mgeni rasmi. Mkianza saa 1:00 asubuhi mnamaliza saa 11:30 jioni, na hapo hakuna aliyechelewa. Kila mkupuo ukiteleza dakika 2, mikupuo yote 45 inakula saa 1 na nusu. Fainali inafika saa 1:00 usiku, watazamaji wameshapanda daladala.

Watu 48 kwa mpango huohuo ni mikupuo 6, na mazoezi yote matatu yanaisha kwa saa 4 na dakika 12. Mgeni rasmi ahutubie anavyotaka.

Tena muda ni shida ndogo. Kundi la watu 40 wanaoshindana wao kwa wao ni mikupuo 5, yaani dakika 70. Kwa jua la Dar es Salaam, anayeingia saa 3:00 asubuhi na anayeingia karibu saa 4:00 hawajafanya zoezi lilelile: wa kwanza kapata kivuli cha ukuta, wa mwisho anashika chuma kilichopikwa. Halafu kuna wanaopanga mikupuo kwa kufuata nani alilipa mapema! Mikupuo ya kundi moja ifuatane, na kundi lisizidi mikupuo 2. Ndiyo, maana yake watu 16.

Sasa waamuzi. Watu 120, mazoezi matatu, marudio 90 kila zoezi: hayo ni marudio 32,400, na kila moja linataka jicho. Mwamuzi akisimama zaidi ya mikupuo 3 mfululizo, jicho linaanza kusamehe. Skwati ambayo nyonga haikushuka chini ya goti inapita. Bapi, lile zoezi la kulala kifudifudi kisha kuinuka na kuruka, ambalo kifua hakikugusa sakafu linapita. Kwa njia 8 mnahitaji waamuzi 16 wa zamu mbili, na mwamuzi mkuu asiye na njia. Kwa kawaida mnao 6, na wawili kati yao wamejisajili kushindana. Hesabu ya washindani ianzie kwa waamuzi. Bango lisubiri.

Dhana: Anayejua kuhesabu anaweza kuwa mwamuzi.

Kaeni na waamuzi saa nzima siku moja kabla, kila zoezi lionyeshwe kwa vitendo: linalokubaliwa na linalokataliwa. Neno la kukataa liwe moja, "Rudia!", litoke papo hapo. Mshindani asaini matokeo kabla hajatoka kwenye njia yake. Kwenye karatasi, jamani. Simu inaishiwa chaji na kioo chake hakitaki vidole vya jasho.

Dhana: Ada za watu wengi zitalipa gharama.

Fulana na medali huongezeka mtu kwa mtu, lakini njia ya 9 inadai fito yake ya chuma, sahani zake za uzito, mashine yake ya makasia na waamuzi wawili. Mkikataa kuongeza njia, mtalipia uwanja, jenereta na watu wa huduma ya kwanza hadi usiku. Na sahani za kuazima jimu tatu tofauti, zote zimeandikwa kilo 20, zipandisheni kwenye mizani kwanza. Mtashangaa.

Dhana: HYROX wanaingiza maelfu, hata sisi tunaweza.

HYROX, mashindano ya mbio na mazoezi yaliyoasisiwa Hamburg, Ujerumani, mwaka 2017, ni kukimbia kilomita 1 mara 8, na kituo cha zoezi baada ya kila kilomita. Wimbi linalofuata halisubiri la mbele limalize. Watu wanapita kama maji mferejini. Mashindano ya njia na mikupuo ni bwawa. Mkitaka umati, badilisheni muundo wenyewe.

Dhana: Zoezi likiwaumiza ndiyo mashindano ya maana.

Kumpa asiyezoea marudio 100 ya kujivuta kwenye chuma ni kumtafutia misuli iliyovunjika, mkojo wa rangi ya kola na figo zilizo hatarini. Wekeni ukomo wa muda na uzito wa chini kwa wanaoanza. Muwe pia na beseni kubwa la maji na barafu pembeni ya uwanja: aliyeanguka kwa joto huku amechanganyikiwa anatumbukizwa humo mara moja, kichwa kikishikiliwa juu ya maji, huku gari la wagonjwa likiitwa. Anapozwa kwanza, ndipo gari linaondoka naye.